Maua Saba ya Ubatizo

Mwezi wa kumi ulipoingia, bwawa la Pampu lilikuwa limeacha kuwa maji. Ukisimama kwenye ukingo wa upande wa kijiji cha Murera asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala, ungeapa kwamba kuna mtu amelima shamba pale wakati watu wamelala. Majani mazito yalikuwa yameng'aa, kila moja limevimba shingoni kana kwamba limevuta pumzi na kuikatalia. Juu ya majani kulikuwa na maua, maelfu kwa maelfu, yenye rangi ya mbingu kabla jua halijaamua kutoka. Nyuki walikuwa humo. Ndege wembamba wenye vidole virefu walitembea juu yake bila kulowa miguu. Na katikati ya shamba hilo lisilo na udongo Kamene alisimama juu ya feri yake, mikono miwili kwenye waya, anavuta, na feri haitaki.

Kuiita feri kulianza kama mzaha, kukazoeleka. Marehemu baba yake, Mwau, aliiunda kwa mapipa kumi na mawili ya buluu aliyoyapata kwenye kiwanda cha maji ya matunda kule Eneo la Viwanda, Thika. Aliyafunga pamoja, akayatandika mbao, akaweka ukingo wa mabomba. Jua likiwaka, mapipa yale yalikuwa bado yananukia embe. Waya mnene ulivuka bwawa kutoka mti wa mkaratusi upande wa Murera hadi nguzo ya chuma upande wa pili, penye magofu ya nyumba ya pampu ya wenye kahawa wa zamani. Kazi ya Kamene ilikuwa kuushika waya kwenye pua ya feri, kutembea nao mpaka mkiani, kurudi mbele, kuushika tena. Ukimtazama kutoka mbali ungedhani ni mwanamke anayetembea na kutembea na hafiki popote, kumbe mbao ndizo zilizokuwa zikisogea chini ya miguu yake, zimebeba maziwa, sukuma wiki, wanafunzi na fundi na mkoba wake. Bila feri, mtu wa Murera alizunguka mashamba ya kahawa kwa saa nzima kabla hajaiona barabara ya kwenda Ruiru.

Miaka tisa aliuvuta waya ule. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, hana mume, hana mtoto, na watu walimwita yule msichana wa waya. Halafu ikaja Pasaka, yakaja maua.

Kanisa lao lilibatiza kwa kuzamisha, na lilizamisha bwawani, mahali palepale feri ilipotia nanga. Mwaka ule walikuwa watu ishirini na watatu wa kubatizwa. Mama Muli, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Idah na ndiye mwenyekiti wa akina mama, alitaka maji yapambwe. Akamtuma Kamene Ruiru, kwenye vitalu vya miche vilivyopangwa kando ya barabara ya mzunguko, alete maua.

Kamene alipita waridi, akapita maua ya makaratasi. Alisimama mbele ya beseni la maji lenye maua ya zambarau yanayoelea. Muuzaji, mama mmoja wa makamo aitwaye Ngendo, alikuwa amekaa juu ya kreti akimenya njegere.

"Hiyo naona imekushika macho," Ngendo alisema.

"Inaota wapi?"

"Kwa maji. Haitaki udongo, haitaki mbolea, haitaki hata wewe. Unaiweka tu, unaisahau."

Kamene alichukua mashina saba. Jumapili ya Pasaka aliyaweka majini kwa duara, na Pasta Maluki akasimama katikati ya duara hilo na joho lake jeupe limemwelea kiunoni. Watu ishirini na watatu waliingia mmoja mmoja, kila mmoja akasema kwa kinywa chake kwamba anaamini, wakazama, wakainuka wakipepesa macho kama waliotoka usingizini. Akina mama waliimba. Maua yalicheza kwenye mawimbi madogo, yakagusa mabega ya waliookoka, na hata wanaume wagumu wa Murera walisema hawajawahi kuona maji mazuri namna ile.

Sasa, kwenye kanisa lile kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote na hakuna aliyeivunja. Maua yaliyoona ubatizo hayatupwi. Huachwa pale ukingoni yanyauke yenyewe, hakuna anayeyafagia, hakuna anayemlisha mbuzi. Kwa hiyo yale saba yaliachwa. Ila yale saba hayakunyauka.

Kufikia mwezi wa sita yalikuwa yamejaza kona ya magharibi. Mama Muli alisimama kanisani na kuwakumbusha watu kwamba mikate mitano ililisha maelfu. "Kamene alileta saba," alisema, "Bwana akazidisha." Watu wa harusi wakaanza kuja kutoka Ruiru na hata Thika, maharusi wakasimama juu ya feri huku gauni likiwa limetandazwa juu ya mbao, mpiga picha akilala kifudifudi. Kamene akapewa kiti kwenye mstari wa pili kanisani. Na akapewa jina. Walimwita Mama Maua. Kwa mwanamke ambaye hakuna aliyemwita mama, neno lile lilimkaa mwilini kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake, na alipokuwa peke yake juu ya maji alijiita hivyo kwa sauti ndogo, asikie linavyosikika.

Lakini alianza kuota. Saa za mchana abiria wakiadimika, alikuwa akijilaza juu ya mbao zenye joto, na usingizi ukimchukua alijiona anatembea juu ya majani pamoja na wale ndege wenye vidole virefu, mwepesi, viatu mkononi. Chini yake, chini ya majani, aliwaona watu ishirini na watatu wamesimama na majoho yao, wamemwinulia nyuso, wanaimba. Vinywa vilifunguka na kufungika. Wimbo haukutoka. Aliinama kusikiliza, na kila alipoinama jani jingine lilifunika uwazi ule, taratibu, kama mtu anayevuta pazia kwa adabu. Akiamka, harufu ilikuwa imebadilika. Si embe tena. Ilikuwa harufu ya chombo kilichosahaulika na maji ndani yake.

Na waya ulizidi kuwa mzito.

Odhiambo alikuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo Thika, mkazi wa Kiganjo, mtu mrefu wa sauti ya chini, na alikuwa anavuka kwenda kumwona dada yake Aketch aliyehamia Murera. Alitoka kwenye magofu ya pampu akizungumza kwenye simu. Alipoliona bwawa aliacha kuzungumza. Simu ilibaki sikioni, mtu wa upande wa pili akiita alo, alo.

Alipanda feri. Walipofika katikati alichuchumaa, akatumbukiza mkono, akang'oa shina moja. Mizizi yake ilitoka mirefu, myeusi, yenye manyoya, inachuruzika.

"Dada, hii kitu nani aliileta hapa?"

"Hiyo si kitu. Ni maua ya kanisa."

"Nimekuuliza nani aliileta."

"Mimi." Alisema huku ameinua kidevu.

Odhiambo akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Sisi huko kwetu tunalia miaka thelathini hii kitu iondoke. Wewe umeenda kuinunua."

Kisha, kwa kuwa feri ilikwenda polepole, akamwambia. Ujanani alikuwa baharia wa boti ya mizigo katika Ziwa Victoria, akitoka Kisumu na unga na sabuni na misumari ya watu wa visiwani. Asubuhi moja waliamka mbele ya Kendu Bay wakaona nchi imewafuata. Upepo ulikuwa umelisukuma gugumaji, mmea huu huu, kutoka ng'ambo ya ghuba, likafunga maji kutoka upeo hadi upeo, kijani tupu, lina maua. Nahodha aliwasha injini. Injini ilivuta maji ya kujipoza, ikavuta mizizi, ikachemka, ikazima. Siku tatu walikaa pale. Waliona gati. Waliona moshi wa watu wanaopika, walisikia mbwa, walisikia mwalimu akigonga kengele ya shule, na hawakuweza kufika. Mtu angekanyaga lile shamba angezama, na angeogelea lingemshika miguu.

"Na chini?" Kamene aliuliza. Hakutaka kuuliza.

"Chini ni giza. Jua haliingii, hewa haiingii. Samaki wanakuja juu kutafuta pumzi, wanakuta dari. Mbu wanazaa humo, konokono wa kichocho wanazaa humo. Bandari yetu ilinyamaza mpaka nyasi ikaota kwa reli. Mimi nimekuja Thika kwa sababu ya hii maua yako, Mama Maua. Wanakuita hivyo, sivyo? Nimesikia kwa dada yangu."

Kama angelisema jina lile kwa namna nyingine. Lakini alilisema akiwa ameushika ule mzizi mweusi, na Kamene akasikia jina lake likichuruzika matope.

"Hapa si Kisumu," alimwambia. "Na kesho ukirudi, pitia kwa barabara. Feri yangu haikubebi."

"Sawa, dada. Lakini hesabu wiki mbili. Kila wiki mbili linajizidisha mara mbili. Hiyo ndiyo kitu nilitaka ujue."

Alifikiri atalisahau. Hakulisahau. Siku ya nne aliona perege wadogo wamelala kwa ubavu kwenye kijidimbwi kilichobaki karibu na mkaratusi, midomo yao inafunguka na kufungika, na alikwisha kuiona midomo ile, ndotoni. Siku ya sita ng'ombe wa Mutie, jirani yake mwenye maziwa, waliteremka kunywa, wakanusa, wakageuka. Siku ya saba ilimchukua nusu saa kuvuka mahali palipokuwa pa dakika sita. Akavuka hivyo hivyo. Kung'oa hata shina moja ilikuwa ni kumng'oa yule mwanamke aliyekaa mstari wa pili, na hakujua nani angebaki.

Jumamosi iliyofuata ilikucha na mawingu mepesi. Upande wa pampu walimngoja watu watatu. Wa kwanza Mama Muli, ametoka kwa fundi cherehani Ruiru na mfuko mkubwa wa majoho mapya meupe kwa ajili ya ubatizo wa mwezi wa kumi na mbili. Wa pili Marvin, kijana wa chuo, mwembamba, vipokea sauti shingoni. Wa tatu Odhiambo, amesimama nyuma kabisa kama mtu asiye na hakika ya kukaribishwa.

"Mimi nimepitia barabara wiki iliyopita kama ulivyosema," Odhiambo alisema. "Miguu imeniomba nikuombe msamaha."

"Panda," Kamene alisema. Hakutabasamu, lakini alisogea.

Walikuwa wamefika katikati upepo ulipogeuka. Haukuwa upepo mkali. Ulikuja kutoka kona ya magharibi kama mtu anayepumua usingizini, na shamba zima likaanza kutembea. Lilitembea bila sauti, maua yakiinama pamoja upande mmoja. Liliifikia feri, likaiegemea. Waya ulipinda kama upinde. Kamene alivuta, mikono yake iliteleza. Odhiambo akashika waya nyuma yake, Marvin nyuma ya Odhiambo, wakavuta watatu kwa pamoja, na feri ikabaki palepale. Kule Murera mkaratusi ulitoa mlio, kitu kama mlango mzee.

"Acheni," Odhiambo alisema. "Mkizidi kuvuta mtang'oa ule mti."

Marvin alitazama mbele, akatazama nyuma. "Yaani jam ya Thika Road imetufuata mpaka kwa maji. Captain, si upige honi?"

"Marvin, nyamaza," Mama Muli alisema.

"Nimenyamaza, Mama Muli. Nauliza tu kama kuna njia ya pembeni."

Saa nne ikapita. Saa tano. Watu walikusanyika kwenye kingo zote mbili, wakaita, wakapunga mikono. Mutie alikuwa amesimama na mikebe yake ya maziwa akisema maneno ambayo hayakufika. Ilikuwa ajabu namna nchi ilivyokuwa karibu. Kamene aliona kamba ya nguo nyuma ya nyumba yake mwenyewe, aliona fulana ya kijani ikikauka juu yake, na ikawa kama anaitazama nyumba ya mtu mwingine, mtu aliyekuwa na bahati. Jua lilitoka. Nyuki walikuja wakatembea juu ya mfuko wa majoho. Mama Muli alikalia mfuko ule, akafungua mwavuli, akasinzia, na kichwa chake kilishuka na kupanda na kushuka. Kamene hakujua tena kama yuko macho. Harufu ilikuwa nene. Chini ya mbao, kati ya mapipa, alisikia vitu vidogo vinagonga, tok, tok, na alilala kifudifudi akachungulia. Walikuwa samaki. Walikuwa wamepata ule uwazi mwembamba kando ya pipa, mahali pekee palipobaki na hewa, na walikuwa wanasukumana mdomo kwa mdomo.

Alinyoosha mkono akashika shina. Akavuta.

Halikutoka peke yake. Liliwavuta ndugu zake, shina kwa shina, wameshikana kwa vikono vya chini ya maji, na Kamene akavuta kwa mikono yote miwili mpaka rundo zito likapanda ukingo na kuanguka juu ya mbao, maji meusi yakatapakaa. Akavuta tena. Rundo la pili liliangukia mfuko wa majoho.

Mama Muli akaamka. Alitazama mfuko, akatazama ua lililolala juu yake, akamtazama Kamene.

"Kamene. Hayo yaliona ubatizo."

"Najua, Mama Muli."

"Unayakanyaga."

"Feri haitatoka hapa hivi hivi."

"Nimesema uyaache, mwanangu. Upepo utageuka. Hakuna mtu amewahi kutupa maua ya ubatizo kwa hili kanisa, na hatutaanza na wewe, wewe ndiye uliyeyaleta."

Kamene alikuwa amepiga magoti, nywele zimemshika usoni, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amemwogopa mama huyu tangu utotoni. Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka tulivu, kama inatoka kwenye ndoto ya mtu mwingine.

"Nilileta saba. Saba ndiyo yaliona ubatizo. Haya mengine ni watoto wao, na kwa kanisa letu hakuna mtu anabatizwa kwa sababu ya mama yake. Ni wewe ulinifundisha hivyo, darasani, nikiwa na miaka kumi na miwili. Kila mtu anaingia kwa maji kwa mdomo wake. Sasa nionyeshe hapa, Mama Muli, ni lipi limekiri."

Marvin aligeuza uso upande mwingine, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Odhiambo alitazama viatu vyake.

Upepo uliinamisha maua yote mara moja. Mama Muli aliinama, akaliinua lile rundo kutoka kwenye mfuko wake, si kwa hasira, kwa vidole viwili kama mtu anayeinua shuka la mgonjwa, na akalipindua. Alikuwa ameyatazama maua yale miezi saba na hakuwahi kuyatazama upande huo. Mizizi ilining'inia mirefu kama nywele za mtu aliyezama. Ndani yake kulikuwa na konokono waliojipanga kama shanga, na perege mdogo, mfu, amekwama kwa mapezi.

Akalilaza mbele yake juu ya mbao.

"Na yale saba," akasema, "yako wapi kati ya haya?"

"Sijui. Hakuna mtu anaweza kujua."

"Basi tutakuwa tunayang'oa nayo pia bila kujua."

"Ndiyo."

Mama Muli akafunga mwavuli. Akavua saa yake, akaitia kwenye mkoba, akapiga magoti kando ya Kamene na magoti yake yakalia. "Bwana atusamehe kwa yale saba," alisema, na akatia mikono majini.

Walifungua njia kwa mikono. Waling'oa mbele, wakarundika juu ya mbao, na mbao zilipojaa walitupia nyuma, na kule nyuma shamba lilijifunga taratibu kama halijawahi kupitwa. Kila walipopata hatua mbili za maji, Kamene alisimama akavuta waya. Saa kumi mapipa yaligusa udongo wa Murera. Majoho yalikuwa na madoa ya kijani ambayo hayakutoka tena. Kwenye ukingo mtu alianza kupiga makofi. Mama Muli alimtazama, mtu yule akaacha.

Odhiambo alibaki wakati wengine walipopanda kwenda zao. Aliketi kwenye nyasi akikamua soksi.

"Tunaweza kulitoa lote?" Kamene alimwuliza.

"Bwawa ni dogo. Linatoka. Lakini si kutoka ukingoni. Mtu akisimama ukingoni anafikia mita mbili, basi. Inatakiwa kitu cha kuelea. Unasimama huko ndani, unang'oa, unabeba, unamwaga mbali nchi kavu likauke kabisa." Hakuitazama feri alipokuwa akisema. Hakuhitaji. "Na ukianza huwezi kuvuka watu. Ukiliacha siku mbili linarudi."

"Kwa muda gani?"

"Miezi. Hiyo ni kama mko wengi."

Kamene aliutazama waya. Miaka tisa yake na kumi na minne ya baba yake. Hapakuwa na siku feri ililala isipokuwa siku ya kumzika Mwau.

Jumapili alisimama kabla ya sadaka. Hakwenda mbele, alisimama palepale kwenye kiti chake cha mstari wa pili na kushika mgongo wa kiti cha mbele. Alisema yeye ndiye aliyeleta kile kitu, na kwamba jina la kweli la kitu hicho ni gugumaji, na kwamba alijua kwa wiki nzima kuwa linaua maji akanyamaza kwa sababu alipenda kuitwa alivyoitwa. Alisema kuanzia kesho feri haitavusha mtu. Itafanya kazi ya kulitoa. Kisha akakaa.

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mahindi. Mutie aliinuka.

"Kwa hivyo unatufungia barabara ili upalilie maji? Maziwa yangu yapitie wapi, Kamene? Hayo ni mambo ya serikali. Tuandike barua."

"Andika, Mutie. Mimi nitaanza wakati inajibiwa."

Wengine walicheka, wengine walimwonea Mutie huruma, na mmoja upande wa wanaume alisema kwa sauti kwamba msichana wa waya amepata kiburi. Pasta Maluki alitazama upande wa akina mama, kama alivyotazama kila mara jambo lilipokuwa zito. Mama Muli hakusimama. Alisema tu kutoka pale alipokaa, kwa sauti ya mtu anayetangaza zamu za kufagia: "Nani ana gambuti za mpira za saizi sita, aniazime."

Jumatatu walikuja watu tisa. Kamene alitarajia arobaini. Alifungua mwenyewe pingu, ile pete ya chuma iliyoshikilia feri kwenye waya, na feri ilipoachiliwa ilizunguka kidogo mahali pamoja, bila kujua pa kuelekea. Odhiambo alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu. Alikata mti mrefu wa kusukumia, akamfundisha Marvin namna ya kusimama asianguke, na Marvin akaanguka hata hivyo, akatoka amevaa taji la majani, akadai huo ni ubatizo na watu wamhesabu.

Walifanya kazi ile kimya kimya, ukungu ukiwa bado chini, mpaka mtu asingejua kama wanang'oa maua au wanayavuna. Feri ilikwenda na kurudi imebeba kilima cha zambarau. Waliyamwaga juu kabisa, kwenye mwinuko wa mawe ambako hakuna mvua ingeyarudisha, na kufikia mchana yaliyotangulia yalikuwa yamelegea, rangi imeyatoka. Kamene aliyatazama mara moja. Moyo ulimwuma, na hakujidanganya kwamba haukuuma.

"Na mbegu?" alimwuliza Odhiambo walipopumzika. "Kila kitu kina mbegu."

"Ziko kwa matope. Zinalala."

"Zinalala miaka mingapi?"

"Kumi na tano. Wengine wanasema ishirini."

"Nitakuwa na hamsini na mmoja," Kamene alisema, na akashuka tena majini.

Jioni walikuwa wamefungua uwazi wa ukubwa wa sebule. Haukuwa kitu. Bwawa lote lililobaki liliuzunguka likichanua kama kwamba hakuna aliyeligusa. Lakini upepo, ambao kwa miezi haukuwa umepata mahali pa kukanyaga, uliuona uwazi ule ukaingia, ukakimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine, na maji yakafanya mikunjo midogo midogo, myepesi, ikigonga mapipa.

Mutie alikuwa amesimama juu ya ukingo. Alikuwa amezunguka mashamba ya kahawa na maziwa yake, amekwenda na kurudi, vumbi jekundu limempanda hadi magotini.

"We Kamene," aliita. "Hiyo feri itarudi lini?"

Kamene alinyoosha mgongo. Viganja vyake vilikuwa vimekuwa vya kijani, na hapakuwa na mtu aliyekuwa amemwita kwa jina lolote lingine siku nzima.

"Shuka ung'oe kidogo," alisema, "halafu wewe mwenyewe uniambie."

Mutie alisimama pale na mikebe mitupu mikononi, anaangalia ile sebule ya maji, anaangalia shamba lililoizunguka. Baada ya muda aliiweka mikebe chini kwenye nyasi, akakaa kando yake, na akaanza kufungua kamba za viatu.